Namna ya Kuuza Senti Kumi kwa Bei ya Ndama

1. Itafute. Usihangaike kuchimba. Ile senti kumi ya shaba, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizolikumbatia, haikosi katika kopo la vifungo la kogo, yaani bibi, yeyote hapa Longisa. Ndovu mwenyewe hayumo. Mkoloni alichora sehemu aliyoitaka. Hilo usilitaje, litaharibu biashara.

2. Isome. Ukikuta EDWARDVS VIII, funga mlango. Huyo ni mfalme wa Uingereza aliyeingia Januari 1936 na kufika Desemba akaacha kiti kwa ajili ya mwanamke. Simulia polepole, hasa hapo penye mwanamke. Eleza kwamba Waingereza kwao hawakuwahi kutumia sarafu yenye sura yake, lakini zetu, kwa kuwa na tundu, zilibeba jina tu, zikatoka mapema. Kisha nyamaza. Mteja atamaliza mwenyewe: “Basi ni adimu!” Usiitikie. Inamisha kichwa, kama mtu aliyefiwa. Zilipigwa kwa mamilioni, ila hukuulizwa.

3. Usiisugue! Wanaoanza kazi huisugua kwa majivu hadi ing’ae kama sufuria ya harusi, na mkusanyaji halisi akiona mng’aro hukata bei. Uchafu ndio cheti.

4. Chagua mnunuzi. Mkulima aliyetoka kupokea bonasi ya chai angefaa, ila ana mke. Bora msomi aliyekuja likizo, maana huyo hawezi kukiri kuwa hajui. Akisitasita, mtajie Wakelti, watu wa kale wa Ulaya: walinakili sarafu za dhahabu za Mfalme Filipo wa Makedonia, wakamnakili farasi wake hadi akabaki mistari na nukta, na kwenye shaba wakapiga nguruwe mwitu. Hayahusiani kabisa na Longisa. Ataitikia kwa heshima.

Akiulizia shilingi ya zamani yenye simba na milima, mwambie ni fedha. Zile za miaka ya 1920 na 1930 zina fedha robo. Robo tatu zinyamazie.

5. Akirudi amekasirika, mwandalie chai. Mwonyeshe shilingi 20 ya 2018, yenye ndovu mzima, umwambie hata hiyo itapanda bei, asubiri.

Mimi bado nasubiri. Ninao akina Edward wanne, niliouziwa na rafiki kwa bei ya ndama. Njoo, ndugu yangu, tutaelewana.