Sifa za Steringi Asiyekufa

Watu waliosoma wana ugonjwa mmoja. Wakitoka kuangalia muvi wanasema ilikuwa nzuri kwa sababu mwisho wake haukubashirika. Mimi niliyelelewa na mabenchi ya kibanda umiza cha kuonyeshea video kule Majengo, Singida mjini, sifa hiyo hainiingii kichwani. Mvua ya Singida haibashiriki. Bei ya alizeti haibashiriki. Kuku uliyemwacha anatamia ukienda sokoni, ukirudi hubashiri kama utamkuta yeye au manyoya. Sasa nitoe shilingi mia mbili yangu, nikae kwenye ubao usio na egemeo, kwapa la jirani liko sikioni, halafu ninunue wasiwasi mwingine? Wasiwasi ninao nyumbani, tena wa bure.

Kwa hiyo namsifu steringi. Kwa faida ya msomaji aliyekulia kwenye sebule yenye zulia: steringi ni yule ambaye sura yake imejaa kwenye kava, anayeanza kazi amenyoa vizuri na kuimaliza akiwa na mkwaruzo mmoja juu ya nyusi. Jina lake tulilichota kwenye maandishi ya Kiingereza yanayopita mwanzoni mwa mkanda, tukalifinyanga likae sawa mdomoni. Katiba yake ina kifungu kimoja tu: steringi hafi.

Angalia kifungu hicho kinavyoleta amani. Maadui hamsini wenye bunduki za kisasa, waliofunzwa kwa gharama ambayo ingejenga zahanati, wanammiminia risasi mtu mmoja aliyesimama kifua wazi, na risasi zinampita kama nyuki wa Itigi wanavyompita mrina asali mzoefu. Yeye anajibu kwa bastola isiyoishiwa, anaangusha watatu kwa mlio mmoja. Na maadui wale wana adabu! Ikifika zamu ya ngumi hawamvamii kwa pamoja. Wanasimama kando, wanacheza-cheza na mabega, wanasubiri mwenzao apigwe amalizwe ndipo anayefuata aingie. Mimi foleni iliyonyooka namna hiyo sijaiona kwenye dirisha la dawa wala kwenye kituo cha basi siku ya kuamkia Krismasi.

Wapo waliojaribu kuvunja katiba, na nitawataja. Mkubwa wao ni Titanic ya James Cameron, ya mwaka 1997. Tuliivumilia zaidi ya saa tatu, na bati la banda lilikuwa limepikwa na jua tangu asubuhi. Meli kuzama tulikubali, meli siyo steringi. Lakini Jack alipoganda majini huku Rose amejilaza juu ya ubao, banda lilinyamaza kwanza, halafu sauti moja ikatoka nyuma: "Hela zetu!" Mwenye banda akasimama mbele ya skrini, amekasirika kweli, akauliza kama ni yeye aliyemzamisha. Vijana wawili wakalala juu ya benchi, ubavu kwa ubavu, kuthibitisha mbele ya mashahidi kwamba wanaenea. Wakaenea. Kesi ikaishia hapo, Rose ana hatia. Mwaka 2023 Cameron naye alijitokeza na majaribio yake ya ubao uleule, akiwa na watu wawili, maji ya baridi na vipimo vya kisayansi. Sisi benchi lilitutosha, zaidi ya miaka ishirini kabla yake.

Wahindi walikuwa na busara zaidi. Sholay ya 1975 inamuua Jai, yaani Amitabh Bachchan mwenyewe, na watu wazima walilia mbele ya watoto wao. Lakini walikuwa wameweka steringi wawili. Mmoja akienda, wa akiba anabaki, katiba haijaguswa. Huo ndio utunzi. Wale wa Avengers mwaka 2019 walikuwa na masteringi wa kujaza semi, wakaamua kumuua Tony Stark, ambaye muvi zote hizo zilianzia kwake. Sina la kuongeza.

Ninayempenda kuliko wote ni Rambo, na ana historia ambayo kila mpenda mabanda anapaswa kuijua. Kwenye riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo anakufa. Walipoigiza First Blood ya 1982 walirekodi kabisa mwisho ambao Rambo anakufa, wakawaonyesha watazamaji wa majaribio. Watazamaji wakachukia. Mwisho ukabadilishwa, jamaa akatoka hai. Siku nilipolijua hilo nilijiona mtu mkubwa. Kumbe hata Mmarekani aliyekaa kwenye kiti cha sponji roho yake ni ya kibanda umiza, ila yeye aliulizwa maoni na sisi hatujawahi kuulizwa.

Kwa sababu hiyo Rambo aliishi hadi akawa mfuko. Tanzania nzima, mfuko wa plastiki wa kubebea nyanya ukaitwa rambo, na sijui heshima gani nyingine mwigizaji anaweza kupewa na akina mama wa sokoni. Aliwashinda polisi wa mji mdogo kule Marekani, akawashinda adui zake Vietnam, akawashinda Warusi Afghanistan. Tarehe 1 Juni 2019 akapigwa marufuku kwa sheria ya mazingira. Ila pita kando ya Ziwa Singidani siku ya upepo, na kwetu upepo ndio siku zote: utamkuta mmoja ananing'inia kwenye mti wa miiba, kachanika, anapepea. Steringi hafi.

Siyo kwamba wateja wote wa banda walikuwa wepesi wa kuamini. Tulikuwa na mzee mmoja dereva wa semi, mstaafu, aliyeangalia Fast and Furious zote kama mkaguzi. Magari yakiruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine, alisonya. Kwenye ile ya tisa, ya mwaka 2021, gari lilipopaa hadi anga za juu, hakusonya tena. Alisema kwa upole, "Mleteni Sekenke, na saruji mgongoni, breki zimechemka." Wasiojua Mlima Sekenke kule Iramba walicheka. Waliowahi kuushuka hawakucheka.

Mwingine alikuwa babu aliyemfuata mjukuu wake siku tunaangalia The Lion King ya 1994. Huu ni mkoa ambao miaka ya 1940 ulikuwa na mauaji ya watu-simba, yaani watu waliodaiwa kuua kwa sura ya simba, kesi zikafika mahakamani na watu wakanyongwa. Babu alisimama mlangoni, akamwangalia Simba anameza funza huku anaimba, akauliza huyo ni simba wa kabila gani. Mjukuu akatolewa kwa sikio.

Tafsiri nazo zina fungu lao la sifa. Mwanzoni tulielewa kwa macho tu. Baadaye zikaingia kanda za Lufufu kutoka Dar es Salaam, halafu za DJ Mark, na kwa jirani zetu wakawapo DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda. Mkalimani mzuri hafichi mambo. Kijana mpole akitoa picha ya mchumba wake vitani, sauti inakwambia hapohapo kwamba huyu msimzoee, ana dakika mbili. Wenzetu wanaita huko kuharibu utamu. Mimi naita huduma, maana unapata muda wa kununua karanga.

Muvi za Bongo nitazigusa kwa upendo, ingawa ukweli usemwe: nusu yake ni geti. Honi inapigwa, mlinzi anafungua, gari linaingia, linapaki, mtu anashuka, anatembea, anakaa, simu inaita, anaondoka, geti. Halafu tunaambiwa tutafute sehemu ya pili. Nani mwingine ametufundisha subira kiasi hicho? Lakini kuna wiki moja ambayo hatukutania. Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, hapo jirani tu, alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Mwenye banda aliweka mikanda yake mfululizo, kiingilio bure. Watu walikaa kimya. Kwenye skrini Kanumba anapendeza, anagombana, anaendesha gari, anaingia getini. Safari hiyo hakuna aliyelalamika kuhusu geti. Tulitamani lile gari lichelewe kupaki. Deki haikuwa na habari ya msiba wowote.

Nimalizie na usiku wa Commando ya 1985, ile ambayo Schwarzenegger anamfuata binti yake Jenny aliyetekwa. Kwetu jina lake ni Komandoo tu, hilo jingine ni la kusoma siyo la kuita. Adui wa mwisho, Bennett, amevaa kizibao cha minyororo ya chuma ambacho mtu wa Singida akikiona anafikiria kitu kimoja: gunia la nyavu la vitunguu. Tulimwita Vitunguu. Basi Komandoo na Vitunguu wamefikishana kwenye mabomba ya mvuke, visu vimetoka, TV ya chogo inatetemeka, na umeme ukakatika.

Giza totoro. Nilitegemea mabenchi yagonge chini, watu waondoke. Hakuna aliyeinuka. Kimya kikachukua muda wa kumeza mate mara mbili, kisha fundi baiskeli, aliyekuwa kona ya kushoto, akatoa mlio wa ngumi kwa mdomo. Kona ya kulia ikapokea: "Vitunguu huyoo, kachomoa kisu!" Mwingine akafanya mvuke, shhhh, mrefu mpaka akakohoa. Muuza karanga akawa Jenny, akalia kwa sauti nyembamba, akazomewa, akalia vizuri zaidi. Bomba likang'olewa, likarushwa, likampata Vitunguu kifuani, na banda zima likatoa mvuke kwa pamoja. Hakuna aliyekosea mpangilio. Kisha helikopta zikaja, tukazivumisha kwa midomo hadi mbwa wa jirani wakaitikia.

Umeme ukarudi. Deki, kama kawaida yake, ikaanza mkanda upya tangu mwanzo. Mwenye banda akaenda mlangoni, akakinga kiganja.

"Mwisho mmeshauona," alisema. "Anayetaka mwanzo, mia mbili."

Nikaingiza mkono mfukoni.