Swala na Ghala la Sosiani

Kando ya Mto Sosiani aliishi Swala ambaye mbio zake hazikuwa na mpinzani. Kila aliposhinda ng'ambo alirudi na magunia ya mahindi, nayo yakaishia mikononi mwa mumewe, aliyekuwa pia kocha wake. Hata shamba liliandikwa jina la mume. Siku Swala alipouliza habari za shamba hilo, alichomwa pembe ubavuni.

Alijikokota hadi kwa Mbwa mlinzi. Mbwa akafungua kitabu, akamsomea kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inamtaka mlinzi amweleze aliyeumizwa misaada yote iliyopo, pamoja na mahali pa kujihifadhi.

"Asante, afande. Mahali penyewe ni wapi?"

Mbwa akafunua kurasa. "Hapakutajwa, dada."

Wazee nao wakamwambia arudi kwake, ndoa ni kuvumilia.

Nimemchagua swala kwa kuwa Eldoret ni mji wa wakimbiaji. Mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024. Septemba akateketezwa kwa petroli huko Trans Nzoia, akafia katika Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Eldoret, wiki tatu baada ya mji huu kupewa hati ya kuwa jiji. Mbio walikuwa nazo. Pa kukimbilia je?

Swala alipokewa na Pimbi, katika ufa wa mwamba uliokwisha kujaa digidigi na watoto wao. Chakula kilitoka kwa majirani: leo kibaba cha unga, kesho hakuna. Jeraha la pembe hufunga kwa majuma. Kesi, woga, karo ya watoto na kutafuta riziki upya huchukua misimu, na michango ya huruma hukauka mapema. Hapo ndipo mama hurudi kwenye pembe zilezile.

Pimbi akaenda kwenye baraza la bajeti.

"Mama Pimbi, kazi yako tunaisifu," alisema Tembo, mtunza ghala. "Lakini mahindi ni machache, na tunajenga lango la jiji."

"Mzee, lango mlilipimia mahindi kabla fundi hajafika. Mwaka 2021 wakubwa wetu waliahidi mbele ya dunia hifadhi katika kaunti zote 47. Sisi tunapewa sifa."

"Tutawakumbuka kwenye fungu la mambo ya jamii."

"Fungu hilo huliwa na sherehe. Hifadhi iandikwe kwa jina lake na kiasi chake, kila mwaka: vyumba vya mama na wanawe, mlinzi wa usiku, mshauri nasaha, wakili."

Tembo akasema muda umekwisha. Akina mama waliokuja kudai barabara hawakuinuka.

"Karani bado ana kalamu," alisema Pimbi. "Aandike tukiwa hapa."