Mashua ya Mzee na Nyuki wa Malagarasi

Mfanyakazi wa reli akistaafu hapa Tabora, majirani wanajua la kutarajia. Atafuga kuku wa kisasa, wafe kwa kideri. Atanunua pikipiki amkabidhi mpwa wake, ipotelee Nzega. Kisha atatulia barazani na bao lake. Mzee wangu aliziruka hatua zote hizo. Wiki aliyopata mafao alirudi na gogo la mninga kwenye mkokoteni, akalilaza uani katikati ya jiko langu na kamba ya nguo, akasema, "Mama Watoto, huu ndio mkuku wa mashua yangu."

Kutoka uani kwetu hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 400 za reli. Lakini Mzee alizaliwa Ujiji, akaja Tabora kijana kufanya kazi kwenye karakana ya reli, na miaka yote hiyo alikuwa akihesabu siku za kurudi ziwani na chombo chake mwenyewe. Hakitakuwa cha kuvua dagaa wala cha kubeba mizigo ya watu. Kitakuwa cha kupunga upepo. Nilikaa kimya, nikaenda kuchukua futi ya cherehani yangu nikapima geti: futi 6 na nusu. Nilishaona kitanda cha shemeji kikikatwa miguu ili kitoke chumbani, na sikutaka ukuta wetu ubomolewe kwa ajili ya upepo.

Kipimo hicho nilidhani kitamkatisha tamaa. Badala yake kikampa hoja. Alikuwa amesoma kwenye gazeti la zamani la klabu ya reli kwamba Uingereza kuna mifereji iliyochimbwa karne ya 18, mhandisi James Brindley akiwa mbele, na malango ya kupandishia na kushushia boti yakajengwa na upana wa futi 7 hivi ili kubana gharama. Boti nazo zikalazimika kuwa nyembamba: urefu hadi futi 70, upana usiotimia 7. Zamani zilikokotwa na farasi zikiwa na makaa ya mawe na vyombo vya udongo. Leo wastaafu wenye pensheni zao wanaishi ndani, wana jiko la kuni, wamepanga maua juu ya paa. "Umeona? Wembamba si kasoro," akasema.

Nikamwuliza kina cha mifereji hiyo. Akakiri kwamba mtu mzima akisimama, maji hayamfiki mbali. "Na Tanganyika?" Mita 1,470, alijibu kwa sauti ya chini, maana mtu wa Ujiji hawezi kudanganya kuhusu ziwa lake.

Boti ikajengwa, futi 24 kwa futi 5 na nusu. Fundi alikuwa seremala wa vitanda na milango, mtu hodari, ila maji makubwa alikuwa ameyaona kwenye bwawa la Igombe tu. Gubeti likatoka na nakshi za kichwa cha kitanda cha bibi harusi. Mninga ni mbao tulivu, haipindi wala haisinyai ovyo, na ndiyo maana inapendwa kwa samani. Lakini mninga ni ghali, na baada ya mkuku na mataruma fedha ilianza kukohoa. Ubavu wote ukapigwa mbao za mtundu, tena mbichi, zimetoka kwenye msumeno masika yaleyale. Mtundu ukiukausha pole pole kivulini utakutii. Ukiupigilia misumari ungali na maji, unasubiri kiangazi ukulipe.

Wakati huo jiko langu lilikuwa limeanza kuhama. Kamba ya nguo ilikuwa ya nailoni, na Mzee aliniambia kwa upole kwamba kamba ya katani huoza ikikaa kwenye maji, kwa hiyo ya nguo ndiyo ifaayo kwa nanga, mimi nianike nguo kwenye katani. Likafuata beseni kubwa la kukumbia maji. Likafuata chujio la chai, la kuchujia petroli ya mashine ya boti. Godoro la wageni lilikatwa katikati likawa viti. Wajukuu walikuwa wakipanda ndani ya chombo kila jioni, mmoja akiwa nahodha wa Liemba, meli ya ziwani, mwingine akitoza nauli ya kwenda Mpulungu, na nauli yenyewe ni karanga zangu.

Kiangazi kikaja. Wenyeji wa Tabora wanaujua mwezi wa Septemba: midomo inapasuka, milango inayokwama masika inafungwa yenyewe, na upepo unaingia mahali usipoujua. Mbao za ubavu zilijikunja na kuachana. Ukisimama nje unaona ndani. Mzee akampigia simu dada yake Ujiji, wifi yangu, mwanamke aliyezaliwa na kukulia ufukweni. Wifi akacheka kwanza, kisha akasema, "Kaka, mbao imeona kiu. Ijaze maji."

Wakati huo bomba la maji ya Ziwa Victoria lilikuwa bado halijafika Tabora. Tulikuwa tukinunua madumu. Nilimwambia Mzee kwamba siku atakayomimina dumu la kwanza ndani ya boti mbele ya majirani wenye kiu, mimi nitarudi kwetu Sikonge na sufuria zangu zilizobaki. Akaelewa. Akageukia kitu ambacho Tabora hatujakikosa tangu enzi za misafara: nta. Alinunua nta ghafi sokoni, ile yenye rangi ya kahawia na harufu ya asali bado imo, akaiyeyusha kwenye sufuria yangu ya pilau, akaziba kila ufa. Sikatai, kwa macho ilipendeza. Lori likakodiwa, watu wakaitwa, na chombo kikapita getini kwa nafasi ya kiganja kila upande.

Njia yetu ilikuwa ileile ya wapagazi wa Kinyamwezi, Tabora, Urambo, Malagarasi, Uvinza, hadi Ujiji, na Mzee alijua kila boti iliyowahi kupita nchi hii ikiwa kavu. Alianza na wapelelezi Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858 bila chombo chao; Speke akavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kukodi jahazi la Mwarabu upande wa pili, akarudi mikono mitupu. Mpelelezi mwenzao Stanley akajifunza. Mwaka 1874 aliondoka Bagamoyo na Lady Alice, boti ya mbao za mwerezi ya futi 40, imekatwa vipande vya kubebwa mabegani. Akazunguka nayo Ziwa Victoria, mwaka 1876 akakutana na Mtemi Mirambo, kisha akaishusha Tanganyika. Baadaye nahodha Edward Hore wa wamisionari wa London akaleta Morning Star, ya chuma, vipande juu ya mikokoteni, akafika Ujiji mwaka 1883. "Wote walifika," Mzee akahitimisha. Dereva akauliza kama kuna hata mmoja kati yao aliyepaka nta.

Swali hilo lilikuwa na maana kuliko dereva mwenyewe alivyojua. Nta inayeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hivi, lakini huanza kulegea mapema zaidi, na ubao ukipigwa na jua la saa saba huwaka kuliko hewa yenyewe. Tulipopita Kaliua harufu ya asali ilikuwa imejaa hadi kwenye kabini. Kila mfugaji nyuki wa mkoa huu anajua namna ya kuandaa mzinga mpya: unapaka nta ndani, unautundika juu ya mti, kundi linalohama likinusa linaingia. Sisi tulikuwa tumepaka mzinga wa futi 24, tukaufunika turubai uwe na giza zuri, tukaupeleka katikati ya misitu ya miyombo.

Gurudumu lilipasuka karibu na Malagarasi. Mzee alikuwa amepanda ndani ya boti kulala kando ya mashine, asiibiwe. Wakaja kwanza nyuki wachache wa upelelezi. Dereva aliwaona akasema ni kawaida. Kisha anga upande wa mtoni likaanza kuimba.

Sitaeleza jinsi mtu wa miaka sitini na zaidi alivyotoka chini ya turubai, kwa kuwa bado ni baba wa watoto wangu. Niseme tu kwamba utingo alikimbilia Kaliua na dereva akakimbilia Uvinza, na mimi nilifunga vioo vya kabini. Mzee alirudi jioni, mdomo wa juu umemtangulia. Kundi lilikuwa limeshaingia chini ya gubeti, palepale penye nakshi, limetulia kama lililolipa kodi.

Wenyeji walituletea mfugaji nyuki wao, mzee mwenye mzinga wa gome na kibuyu cha moshi. Alilizunguka lori mara mbili kwa heshima. Baada ya giza kuingia akawahamisha wale nyuki bila kuumwa, nao wakamfuata. Kisha akamwamkia Mzee, akashika ubavu wa boti, akasema, "Kaka, hiki chombo niachie. Nitakulipa kwa asali, kidogo kidogo." Nilimwona Mzee akifikiri. Nilitamani akubali.

Tulifika Ujiji na boti inayovuja jasho. Wifi alituandalia migebuka na ugali wa muhogo, akamkanda kaka yake mdomo kwa maji ya moto, na asubuhi akatuletea fundi wa mitumbwi. Kijana yule hakucheka. Alikwangua nta yote, akasema nta haishiki kwenye mbao inayopumua. Akapiga kalafati ya kweli: nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta ya mawese, zikishindiliwa ufa kwa ufa kwa patasi butu na nyundo, zisikazwe kupita kiasi, kwa sababu ubao ukivimba lazima upate pa kuvimbia. Mzee akauliza habari za shahamu, ile ya mafuta na chokaa inayopakwa vyombo kule pwani. Fundi akamwambia pwani wanapigana na wadudu wa maji ya chumvi wanaotoboa mbao. Ziwani wadudu hao hawapo, aokoe fedha yake anunue jaketi za kuokolea.

Halafu akafanya jambo lililomwumiza Mzee kuliko nyuki. Aliisukuma boti mpaka maji ya kiunoni, akaijaza mawe, akaizamisha. Mzee alisimama ufukweni akiitazama kazi ya mafao yake ikienda chini kwa makusudi. Wifi ndiye aliyemtuliza, na alimtuliza kwa Liemba. Meli ile ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikafungwa ndani ya makasha 5,000 hivi, ikapita Tabora kwa treni hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe na adui, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. "Kuzama si kufa, kaka. Kufa ni kukauka," wifi akamwambia. Mzee hakujibu, lakini alikwenda kununua kopo la grisi.

Mbao zilipokunywa zikashiba, mawe yakatolewa, maji yakakumbwa kwa beseni langu, na boti ikaelea bila kuvuja. Tukagundua tatizo jipya. Chombo chembamba kisicho na uzito chini kinayumba kwa kikohozi. Boti za mifereji ya Uingereza zina matako bapa na maji yasiyo na mawimbi. Yetu ina mkuku, na ziwa lenye upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu tangu Mei hadi Agosti. Dawa yake ni mifuko ya mchanga kupangwa juu ya mkuku na kufungwa isihame, na abiria kukaa chini. Wifi, ambaye Mungu amemjalia mwili, hupewa nafasi ya katikati, naye hupokea heshima hiyo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Safari ya kwanza ya kupunga upepo mashine ilizimika tukiwa bado tunaiona miembe ya Ujiji. Petroli ilikuwa na maji, kwani dumu lilikaa nusu tupu usiku kucha, mvuke ukageuka maji ndani. Chujio la chai huzuia majani ya chai, maji halizuii. Tulivutwa na wavuvi wa dagaa, wakatoza bei ya watu wenye godoro.

Tangu hapo sanduku la boti ninalitunza mimi, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yangu. Mna plagi za akiba na ufunguo wake, pini za panga la mashine, tochi, filimbi, pamba, patasi butu, grisi, kitambaa kizito cha kuchujia petroli, na chupa ya kupimia: oili lita 1 kwa petroli lita 50, kama kitabu cha mashine yetu kinavyotaka. Jaketi ni moja kwa kila kichwa, za watoto ziwe za saizi ya watoto, kwa sababu jaketi kubwa humponyoka mtoto majini. Mashine ikipumzika, petroli inamalizwa ndani yake kwanza. Boti ikipandishwa ufukweni, hukaa kivulini, magunia mabichi juu yake, na mtu wa kuyamwagia maji analipwa. Malipo hayo kwa mwaka yanazidi bei ya mbao zote za mtundu.

Kwa hiyo wewe uliye Tabora, Nzega au Sikonge, unayestaafu mwaka huu na umeshaanza kuangalia magogo: nenda Ujiji au Kibirizi, kanunue chombo kilichokwisha kuelea, ukiache hukohuko majini, na jaketi ununue kabla ya mashine. Na nta iuze.