Samaki wa Mbao na Kibuyu cha Majina

Paukwa! Pakawa.

Hapo kale, wala si kale sana maana ilikuwa mwaka 2016, palikuwa na jimbo la baridi liitwalo Massachusetts, huko Marekani. Sungura wetu hayumo katika hekaya hii. Nilimwita, akauliza hali ya hewa ya kule mwezi wa Novemba, nikamweleza, akarudi shimoni kwake bila kuaga.

Boston, mji mkuu wa jimbo hilo, una ukumbi wa wabunge, na ndani ya ukumbi ananing'inia samaki wa mbao. Huyu sikumbuni. Mfanyabiashara aitwaye John Rowe aliwapa waheshimiwa mwaka 1784, wasisahau kwamba mali yao ya kwanza waliivua baharini. Mwaka 1933 wanafunzi wa Harvard walimwiba kwa utani, polisi wakahangaika hadi akarudi. Hana miguu, hana kura, na hakuna anayemnyamazisha, basi husikia kila kitu. Haya ninayoyasimulia nimeyatoa kwake.

Wanyama wa nchi ile, alisema, walisoma ndani ya miti ya mialoni. Wala si jambo la juzi: tangu mwaka 1647 wazee wao waliamuru kila mji wenye nyumba 50 uwe na mwalimu wa kusoma na kuandika. Mwaloni ulikuwa wa wote. Aliingia mtoto wa dubu, wa kindi, hata wa kicheche, ambaye harufu yake hufika darasani kabla yake. Ila mialoni haikuwa sawa. Sehemu ya matunzo ya shule ilitokana na kodi ya makazi, na mashimo ya kina Kulungu kule mlimani yalikuwa na thamani kubwa, kwa hiyo mwaloni wa mlimani ulikuwa mkavu na una maktaba. Mwaloni wa bondeni ulivuja. Mwalimu Kobe aliweka ndoo chini ya tundu, na ikinyesha alisimamisha somo ili akaimwage. Kwa mwendo wa Kobe, mtakubali, somo lilisimama kweli.

Ndipo akaja Bata Mzinga na karatasi. (Bata mzinga wa mwituni kule hutembea barabarani mchana kweupe kama waliorithi lami, magari ndiyo yanayowangoja.) Alitaka apewe hati. Shule ya hati ni ya umma, haitozi ada, inalishwa na ghala lilelile la kokwa linalolisha mwaloni, ila halmashauri haiiongozi. Inaajiri inayemtaka na kupanga siku yake yenyewe, na kila baada ya miaka mitano inakaguliwa; ikishindwa, hati inachanwa. Wazo halikuwa la Bata. Minnesota ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1991, na Massachusetts ikafuata mwaka 1993.

Akafungua shule ng'ambo ya kijito. Sare, kengele, masomo mpaka jioni, na mtoto akinong'ona mstarini anarudishwa nyumbani. Nafasi zilikuwa 20. Siku ya kuandikisha walikuja wazazi 100.

Hapo ndipo kilipoletwa kibuyu. Majina yote yalitiwa ndani, kikatikiswa, na yakatolewa moja moja mbele ya watu, maana sheria ilisema bahati nasibu na si kujuana. Mama Nungunungu alikuwa amefika alfajiri, mwanawe amemfunga kanga ili miba isichome wenzake. Likatoka jina la mtoto wa Kindi. Mama Kindi alipiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo, kwa sababu aliyekaa naye kiti kimoja jina la mwanawe lilikuwa bado. Likatoka la pili, la kumi, la kumi na tisa. La ishirini likawa la mtoto wa Kicheche. Mama Nungunungu akapewa kijikaratasi chenye namba yake ya kungojea, akakikunja mara nne, akakitia kifundoni mwa kanga.

Wako waliosema shule ya Bata ni maonyesho tu. Bundi, msomi, aliyekuwa macho usiku wote kama kawaida yake, aliwakatiza. Alisema kibuyu kile kinachowaliza akina mama ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, maana aliyetoka na aliyebaki ndani ya kibuyu walikuwa na wazazi wenye hamu ileile. Kilichowatenga ni mtikiso wa mkono. Basi ukiwapima wote wawili miaka michache baadaye, tofauti ni ya shule. Akawapima. Watoto wa mabondeni, kama wale wa Boston, waliosoma kwa hati walipanda sana katika hesabu na kusoma. Nje ya miji, hati hazikuongeza kitu, na katika hesabu pengine zilirudisha nyuma. Wachumi wamelipata hilo kwa njia hiyohiyo, na mimi namwamini Bundi, ingawa sipendi jinsi anavyogeuza shingo.

Mwalimu Kobe hakubisha juu ya vipimo. Alileta daftari la kokwa.

"Wameondoka 20," alisema, "na fungu la kila mtoto limemfuata. Ni haki yake. Lakini hawakuondoka darasa moja. Wanne wametoka tawi hili, wanne lile, mpaka matawi matano. Nifunge tawi lipi? Mwalimu nimfukuze robo? Moto wa baridi niuwashe nusu? Na hili tundu, limepungua kwa watoto ishirini?"

Wakamkumbusha kwamba baraza la jimbo lilikwisha kuahidi fidia: mwaka wa kwanza kokwa zote zilizoondoka, halafu robo kila mwaka kwa miaka mitano. Kobe alijua. Ahadi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, ila mlinzi wa ghala hakuisoma. Miaka kadhaa fidia ilikuja pungufu.

Mwaka ule wa 2016 Dubu alikuwa gavana. Wanadamu walimwita Charlie Baker. Dubu akataka kikomo cha idadi ya hati kilegezwe, ziruhusiwe hadi 12 mpya au za kupanuliwa kila mwaka, na suala likapelekwa kwa wananchi wenyewe kupiga kura. Loo! Ungefikiri limetangazwa pilau. Akatokea Mbweha kutoka New York, tajiri wa kuzidisha fedha kwa fedha, asiye na mtoto bondeni wala mlimani, akamwaga kokwa upande wa ndiyo, nyingi akizifunika majani ili isijulikane zimetoka ghala gani. (Mwaka uliofuata shirika lililozikusanya lilitozwa dola zaidi ya 426,000 kwa kuficha wachangiaji.) Upande wa hapana wakatoka Nyuki, chama cha walimu, wadogo mmojammoja lakini wakija wanakuja mzinga mzima, nao wakamwaga zao. Pande mbili zikafikisha zaidi ya dola milioni 40 kubishana.

Samaki wa mbao anasema aliwasikiliza wote, na kuna neno moja alilolingoja mpaka shingo ikamuuma: bei ya kuziba tundu. Mbweha alitaja "uchaguzi wa mzazi" mara nyingi hata mwangwi ukalizoea. Nyuki walitaja "mali ya umma" kana kwamba ndoo ile nayo ilikuwa urithi wa taifa. Kulungu wa mlimani alisema anawahurumia sana wa bondeni, akaangalia saa.

Usiku wa kuamkia kura, Mama Kindi alimwendea Mama Nungunungu.

"Shoga, wewe utasema ndiyo. Namba yako si ipo?"

"Ipo."

"Basi?"

"Mwanangu nataka atoke kibuyuni kesho asubuhi. Ila yule wa marehemu dada yangu hakuandikishwa, babake hakujua hata siku. Yeye na wenziwe wote watabaki na Kobe. Nikisema ndiyo, ndoo yao inazidi kujaa. Nikisema hapana, ndoo iko palepale na wangu yumo chini yake. Hebu niambie, shoga, kura ya tatu iko wapi?"

Mama Kindi hakuwa nayo. Alikuwa na mtoto mwenye sare safi na alama nzuri, tena kwa haki yake, na bado usiku ule alishindwa kumtazama rafiki yake usoni.

Novemba 8 walipiga kura. Hapana ilipata asilimia 62. Boston yenyewe, penye foleni ndefu za kungojea nafasi, wengi walikataa. Mbweha alipanda gari moshi kurudi New York akilalamikia ujinga wa watu maskini. Nyuki waliimba. Shule za hati zilizokuwepo zikabaki, mialoni ikabaki, kibuyu nacho kikabaki, kikipanguswa vumbi kila mwaka. Ilichukua miaka mitatu hadi mwaka 2019, Dubu akiwa bado gavana, ndipo ikatungwa sheria ya kuongeza dola bilioni 1.5 kwa shule za umma, nazo zije polepole kwa miaka saba. Mtoto wa Nungunungu miaka saba haikuwa kwenye ratiba yake.

Jumatatu iliyofuata kura ilinyesha. Mama Nungunungu alimfikisha mwanawe mwaloni wa bondeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Leo kaa hapa karibu na ndoo, uhesabu matone. Yakifika mia niite mapema, unajua mwendo wangu."

Mtoto akakaa, akavua kanga, miba ikasimama. Darasa likaendelea. Mpaka Kobe anageuka ubaoni, hesabu ilikuwa imefika arubaini na moja, arubaini na mbili.