Namna ya Kuwa Mwalimu Ukiwa na Mume, Watoto Wanne na Mbuzi

Anza na hesabu ya kutoa. Chukua 45, toa umri wako. Jibu utakalolipata ndiyo miaka uliyobakiwa nayo kabla mlango wa ajira ya serikali haujafungwa, maana matangazo ya kazi za ualimu humtaka mwombaji asizidi miaka 45. Namba hiyo ina mantiki yake: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni ya kila mwezi humtaka mtumishi awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Andika jibu lako kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Likikutisha, vizuri, hofu hiyo itakuamsha saa kumi alfajiri kuliko jogoo yeyote wa Rhotia, hapa Karatu.

Kama uliishia darasa la saba, kama walivyoishia akina mama wengi wa rika lako kuanzia Endabash hadi Mang'ola, njia ipo. Kwanza Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT. Ukifaulu, mwaka unaofuata unajisajili kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Halafu chuo, na hapo stashahada huchukua miaka 3 kwa anayetoka kidato cha nne. Ukianza na miaka 38 na usijikwae popote, utamaliza una kama 43. Ukianza na 40, unakamata gari likiwa tayari limeanza kuondoka. Basi achana na ile "mwakani nikijaliwa".

Sasa mweleze mume. Chagua siku. Usimwambie wakati mvua imegoma na mahindi yananyauka, wala siku mtoto ameleta orodha ya michango kutoka shule. Mwambie vitunguu vikishauzwa, ameshiba, redio imezimwa. Sema wazi: "Baba Neema, kuanzia Jumatatu, jioni nasoma. Ugali ni wako." Ugali wa kwanza utakuwa na mabuje. Ule wote, umsifu mbele ya watoto, uongeze na mchicha. Mwanamume aliyesifiwa kwa ugali wenye mabuje ataupika tena kesho, na kufikia mwezi wa pili mabuje yatakuwa yamekwisha. Jirani atapita kwenye uzio na kuuliza kama nyumba hii haina mwanamke. Mjibu kwa adabu kwamba yupo, anasoma biolojia, na mkaribishe ugali.

Watoto nao wapangie zamu. Mwenye miaka kumi na miwili anaweza kuchota maji na kufungia mbuzi, awe wa kike au wa kiume. Mwanao wa kidato cha pili ndiye mwalimu wako wa hisabati. Hana ada, na daftari lake liko mezani. Siku atakaposema, "Mama, hii si nilikueleza jana?" usimkumbushe nani alimfundisha kushika kijiko. Mwombe arudie. Mtoto anayemfundisha mzazi wake naye hupata alama, na hilo nimeliona kwenye nyumba zaidi ya moja.

Kuhusu mbuzi: zana zako za kufundishia utazitengeneza kwa maboksi ya dukani, kwa sababu hela ya manila hutakuwa nayo. Chati ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula iliyokatwa kwa boksi la sabuni na kupakwa rangi usiku kucha inaweza kuliwa na mbuzi asubuhi moja, kuanzia mdomo hadi utumbo mpana. Tundika zana juu, chini ya paa, mahali ambapo ungeficha sukari.

Chuo ndicho kigumu, wala nisikufiche. Monduli, Patandi kule Arumeru, Mamire kule Babati: vyote vinakutaka ulale mbali na kitanda chako. Hapa bibi anaingia. Mama mkwe aliyelea watoto saba hashindwi na wanne, ila nenda umwombe mwenyewe, na kitenge mkononi, usimtume mumeo.

Halafu yaje mazoezi ya kufundisha. Ukipangiwa ng'ambo ya geti la Lodoare, ndani ya hifadhi, tuseme Nainokanoka au Endulen, beba sweta mbili na usitoke peke yako alfajiri, kwa maana ukungu ukishuka nyati haonekani mpaka mmekaribiana. Watoto wengi utakaowakuta huongea Kimaasai nyumbani, na Kiswahili wanakikuta shuleni. Mtoto atakuja mbele yako na kuinamisha kichwa. Anasubiri nini? Mguse utosini, hiyo ndiyo salamu yake kwa mkubwa. Kijana wa miaka 22 aliyetoka mjini anaweza kusimama hapo akidhani mtoto ana aibu. Wewe mkono wako utakwenda wenyewe, na utajua pia yupi ana homa kabla hujafungua andalio la somo. Hakuna chuo kinachofundisha hilo kwa miaka 3.

Ndiyo maana nasema nchi hii inapoteza walimu wazuri kwa kuwaweka vyuo mbali. Tulishawahi kufanya vingine. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini, wakifundisha huku wakisoma. Mafunzo yale yalikuwa na upungufu, na walimu hao wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walisemwa sana, lakini waliwafundisha kusoma wengi wa wanaowasema. Mama mwenye stashahada inayosomwa nusu Karatu, nusu chuoni, angekuwa mwalimu kamili bila kuvunja nyumba. Halmashauri na Wizara ya Elimu wanapaswa kulijadili hilo kwa dhati.

Wakati tunawasubiri, wewe usisubiri. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Toa cheti chako cha darasa la saba sandukuni, weka kando hela ya vitunguu kabla haijaingia dukani, na nenda kaulize kituo cha mtihani kilicho karibu nawe wiki hii.