Gauni Lisilojitangaza: Mhadhara wa Mbobezi Pekee Nchini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikoba, Katibu, Mweka Hazina, akina mama mliokaa kwenye mkeka na nyinyi wachache mliowahi viti: itifaki imezingatiwa.

Nitajitambulisha mwenyewe, maana aliyepewa kazi hiyo ameitimiza kwa sentensi moja, na katika sentensi hiyo ameniita "huyu kaka". Mimi ni Mbobezi. Ni Mshauri Mwandamizi wa Mavazi, Mlezi wa Umaridadi Kanda ya Pwani, na Rais wa Maisha wa chama ambacho kwa sasa kina mwanachama mmoja kwa sababu za ubora. Mnaniona nimevaa suti ya zambarau inayometameta, tai ya dhahabu na viatu vya ncha. Msishangae. Daktari wa meno hajing'oi jino mbele ya wagonjwa. Nimekuja kuwafundisha nyinyi kuvaa nguo isiyojitangaza. Mimi nina wadhifa wa kutangazwa.

Mada yangu ni mavazi ya kike ya mtindo wa kibohemia, ambao vijana wanauita boho: yapatikane wapi, yatambuliweje, na yavaliweje kwa utulivu bila mvaaji kuonekana ametoroka kwenye maigizo. (Hapa pana makofi. Yasipopigwa, nitasubiri.)

Historia nitaipita haraka, si kwamba siijui. Huko Paris, miaka ya 1840, wachoraji na washairi waliokuwa wakidaiwa kodi ya chumba walivaa kilichopatikana. Mmoja wao, Henri Murger, akaandika visa vya maisha yao gazetini, vikawa kitabu mwaka 1851, na mwaka 1896 Puccini akavifanyia opera iliyofunguliwa mjini Torino. Matajiri wakalia ukumbini hadi leso zikalowa, kisha wakatoka kwenda kushonesha nguo za kifukara kwa bei ya kitajiri. Biashara hiyo haijafungwa mpaka leo. Waroma, ambao Wafaransa waliwadhania wametoka Bohemia, walichangia jina na hawajalipwa hata senti.

Kabla ya kundi la Murger alikuwepo mshairi Théophile Gautier, aliyekwenda kwenye onyesho la kwanza la tamthilia ya Victor Hugo mwaka 1830 akiwa na kizibao chekundu, na kwa maisha yake yote watu wakakikumbuka kizibao kuliko mashairi yake. Mimi binafsi namhusudu. Nyinyi msimfuate.

Wa kumfuata ni Emilie Flöge wa Vienna. Mwaka 1904 yeye na dada zake walifungua nyumba ya ushonaji, akawa anavaa magauni mapana yanayoshuka kutoka mabegani moja kwa moja, wakati wanawake wenzake walikuwa wamefungwa mbavu kwa kosete hata kupumua ni kwa zamu. Rafiki yake, mchoraji Gustav Klimt, alimpiga picha ndani ya magauni hayo. Tazameni picha zile: kitambaa kingi, hewa nyingi, na shughuli yote imewekwa sehemu moja, kifuani au kwenye mikono. Kwingine kote ni kimya.

Mama wa kilemba cha kijani ananong'ona kwamba hilo ni dera. Mama, nakuomba. Ile ilikuwa Vienna.

Anaendelea kunong'ona. Haya, basi, mkato wake una undugu na dera. Tusonge mbele.

Mwaka 1966 mbunifu wa mitindo Yves Saint Laurent alifika Marrakech akapigwa na butwaa la rangi na kaftani. Mwaka 1969 mwigizaji Talitha Getty akapigwa picha juu ya paa la nyumba mjini humohumo, na picha hiyo bado inabandikwa kila panapotajwa boho. Tangu siku hizo, kila kiangazi, Ulaya hutangaza kwamba nguo pana zimerudi. Sisi pwani hatujawahi kuandika kwamba kanzu imerudi, kwa kuwa haijawahi kuondoka.

Sasa sikilizeni sheria yangu kuu, niliyoitunga peke yangu: Sheria ya Kelele Moja. Kila vazi lina ruhusa ya kelele moja tu. Gauni likiwa na darizi kifuani, vipuli vinyamaze. Ukivaa bangili za fedha mpaka kiwikoni, gauni liwe rangi moja. Sketi ya maua isiambatane na blauzi ya mistari wala mkoba wa shanga wala kilemba cha chui, hata kama vyote vinne vimelipiwa. Najua mtasema hela yenu. Hela ni yenu, macho ni yetu.

Ndiyo maana siwapeleki kwenye butiki za Masaki. Butiki ikisikia boho inasikia matamvua. Yanawekwa kwenye mikono, kwenye pindo, kwenye mkoba na kwenye viatu, hata dada akipita sebuleni anafagia. Gauni lenyewe ni poliesta tupu, nalo kwenye joto letu linampika mvaaji taratibu mpaka jioni. Bei laki na nusu, na ukiuliza punguzo unaambiwa hii ni boho, dada. Boho asilia ilivaliwa na watu waliodaiwa kodi! Wangeambiwa laki na nusu wangerudi nyumbani kuandika ushairi wa hasira.

Nendeni Karume, pale Ilala. Wenzenu wa Nairobi wana Gikomba na Toi. Belo moja la kawaida la mitumba lina kilo 45 hivi, na ndani yake mmelala makabati ya wanawake msiowajua: mwalimu mstaafu wa Ujerumani, bibi wa Kanada aliyepungua mwili, binti aliyeachana na mtu. Fikeni asubuhi, belo likifunguliwa. Msishangae kuwakuta wenye butiki wameshafika. Wao ndio huchagua wa kwanza, na kile wanachokibeba kwa elfu tano mtakutana nacho tena wiki ijayo, kimepigwa pasi, kimetundikwa kwenye henga ya mbao, kinawatazama kwa dharau.

Mkifika, fumbeni macho. Nasema kweli. Macho hudanganywa na maua. Mkono haudanganyiki upesi. Tumbukizeni mkono kwenye rundo. Kitani kina ubaridi na ukakamavu fulani, na kinakunjamana ukikishika tu, na mikunjo hiyo si aibu, ndiyo hati yake ya kuzaliwa. Pamba ni kavu na laini. Hariri hupata joto la kiganja upesi. Poliesta huteleza, na ukiisugua inakamata nywele za mkono. Reyoni inaanguka vizuri mwilini na ni ya kupendeza, ila ikilowa inapoteza nguvu, kwa hiyo ukiifua usiikamue kwa hasira za nyumbani.

Baada ya mkono, lebo. Itafuteni ndani, kwenye mshono wa ubavuni. Marekani imewalazimisha watengenezaji kutaja nyuzi kwenye nguo tangu mwaka 1960, na Ulaya nayo ina sheria zake, kwa hiyo nguo inakuja na ushahidi. Lakini mtumba hauongei Kiingereza peke yake. Hariri ni "soie" kwa Mfaransa, "seta" kwa Mwitaliano, "Seide" kwa Mjerumani. Kitani ni "lin" kwa Mfaransa, "lino" kwa Mwitaliano na "Leinen" kwa Mjerumani. Andikeni maneno haya sita kwenye kiganja. Kuna wanawake mjini hapa wamevaa hariri ya shilingi elfu mbili kwa sababu muuzaji hakujua Kitaliano.

Lebo ikiwa imekatwa, kuna kipimo cha moto. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, uushike kwa kibanio, uuwashe. Pamba na kitani vitanukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi. Hariri itanuka nywele zilizoungua. Poliesta itayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu nyeusi. Ni kipimo cha kisayansi, nami nimekionyesha hadharani sokoni, katikati ya marundo ya nguo kavu, na wafanyabiashara walivutiwa kiasi cha kunisindikiza kwa pamoja, kwa mwendo wa kasi, mpaka barabarani.

Kisha ligeuzeni gauni ndani nje. Mtu mzima hanunui darizi kwa kuitazama usoni. Darizi ya mashine ina mgongo uleule mwanzo hadi mwisho, uzi wa chini mara nyingi ni mweupe mtupu, na pengine kuna kitambaa kigumu kimebandikwa kuishikilia. Darizi ya mkono ina mafundo, ina nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua, na mahali pengine mdarizi alichoka, inaonekana. Vitambaa vya kupigwa mhuri wa vibao vya mbao, kama vile vya Bagru na Sanganer karibu na Jaipur, navyo hujulikana kwa dosari: kibao hakikukutana sawasawa na alama ya jirani, rangi imepenya mpaka upande wa pili. Kilichonyooka mno kimetoka kiwandani.

Na kroshia. Hapa nashusha sauti kidogo, jambo nisilolizoea. Mashine hufuma sweta, hufuma lesi, lakini kroshia ya kweli haifumwi na mashine za kiwandani. Kila kizibao cha kroshia mnachokikuta chini pale Karume, kinapigiwa mnada buku mbili buku mbili, kuna mtu alikaa na sindano ya ndoano mkononi akakifuma tundu kwa tundu. Akina mama mnaofuma vitambaa vya makochi mnajua ni kazi ya siku ngapi. Mkikikuta kizima, cha rangi ya maziwa au ya udongo, kilipieni bila kubishana sana. Kubishana kidogo ni haki yenu.

Vifungo nitasema neno moja. Kifungo cha chaza kiguse shavuni, kitakuwa cha baridi. Cha plastiki hakina baridi hiyo. Msikigusishe ulimini. Ni mitumba.

Bi mkubwa wa mstari wa mbele ameinua mkono. Nilisema maswali mwishoni, lakini umri una itifaki yake. Anasema yeye amevaa kanga ya korosho, je, kanga ya korosho ni boho? Bi mkubwa, hilo swali lingemchukua mtu mwingine mwaka mzima. Mimi nina jibu sasa hivi. Umbo hilo la korosho lilifumwa kwenye mashali ya Kashmir, Wazungu wakayagombania, kisha katika karne ya 19 wafumaji wa Paisley huko Uskoti wakayaiga kwa wingi mpaka Waingereza wakaliita umbo lenyewe kwa jina la mji huo. Ondoa umbo hilo, na nusu ya kabati la boho la Ulaya linabaki tupu. Kwa hiyo, Bi mkubwa, natamka rasmi kuwa umevaa boho.

Anajibu kwamba hakuwa anaomba ruhusa, na doti hiyo aliipata kwenye harusi yake. Katibu, andika kuwa ukumbi umeafiki.

Anaongeza kwamba mabinti zake wanamcheka akivaa kaniki. Wasimcheke! Kaniki ni pamba, ni rangi moja ya giza, haing'ai, haina maua, haina neno lililoandikwa; ukiifunga juu ya blauzi nyeupe ya kitani na bangili moja ya fedha, hakuna mbunifu wa Paris atakayekuwa na la kuongeza. Uvumbuzi huu nimeufanya mwaka huu. Mnacheka nini? Kicheko si hoja.

Limebaki suala la fundi, ambalo ndilo linaloua magauni mengi kuliko mende. Nguo za mitumba hukataliwa sokoni kwa saizi, na mara nyingi iliyo kubwa hutibika. Kwanza fua. Pamba na kitani huweza kurudi, na ukishakata kabla ya kufua utakuwa umemshonea mwanao wa darasa la sita. Halafu mweleze fundi apunguze mabega na urefu, basi. Upana wa kiunoni auache. Upana ndio gauni lenyewe. Mwambie mara mbili, na ukiweza kaa pale pale kando ya cherehani, kwa sababu fundi wetu ana huruma: akiona gauni tulivu anadhani linaumwa. Atalitibu kwa zipu ya dhahabu, ataliwekea frili shingoni, atalikata mgongo wazi, na atakukabidhi akitabasamu, hajakutoza hata nyongeza.

Kitambaa kikiwa chepesi kinachoonyesha, vaa gagulo la pamba la rangi ya ngozi yako. Gagulo jeupe chini ya gauni jeupe linaonekana kutoka kituo cha pili cha daladala. Viatu viwe ndala za ngozi au kobazi. Kichwani, kama umeshatumia kelele yako kwenye gauni, kilemba kiwe cha rangi moja. Mashada ya maua kichwani, ya wale vijana wa tamasha la Coachella huko California, tuwaachie wao na jua lao.

Kuhusu mwanamke kuulizwa "umenunua wapi?": akijibu Karume, asiongeze "lakini". Hakuna "lakini". Gauni la kitani lililodumu miaka 20 kwenye kabati la mtu mwingine limeshafaulu mtihani ambao lile la butiki halijaufanya.

Nimemaliza. Maswali yaletwe kwa maandishi, yaanze na cheo changu kwa ukamilifu. Jumamosi nendeni sokoni mapema, kabla ya wenye butiki. Bebeni chenji, mfuko imara, maneno sita kiganjani na subira ya kuchambua rundo mpaka chini. Viberiti viacheni nyumbani.