Mwaka Mpya Uletwe Kiangazi

Aliyeamua kwamba mwaka uanze Januari hakuwahi kuishi Kitete, Tabora. Angekaa hapa masika moja tu angebadili mawazo. Mvua inanyesha, maembe yanaoza, bati linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, watoto wanadai sare, na pesa ya kikoba kilichovunjwa Desemba imeshakwenda ilikokwenda. Katikati ya hayo ndipo mtu mzima anaambiwa ajipange upya. Ajipange na nini?

Kwangu balaa la kujipanga limeletwa na binti yangu, aliyekuja mapumziko ya Krismasi kutoka chuoni Dodoma. Amekuja na simu iliyojaa video za wanawake wanaopanga makabati. Nimeziangalia, sisemi kwa kusikia. Mama mmoja anafungua kabati jeupe, anamimina mchele kwenye mtungi wa kioo, anabandika kikaratasi kilichoandikwa “mchele”, kisha anatabasamu. Nikamwuliza binti yangu: huyo mama, kabla ya kubandika, alikuwa anadhani ule ni nini?

“Baba, usipinge kila kitu. Mwaka huu tunauanza vizuri.”

Basi tukauanza. Chumvi ikabandikwa chumvi. Dagaa wa Kigoma nao wakabandikwa, ijapokuwa sijawahi kumwona mtu wa mkoa huu aliyehitaji kusoma ili ajue kwamba ndani ya chombo kile kuna dagaa. Asali, ambayo miaka yote imekaa kwa amani ndani ya dumu la njano la mafuta ya kula, ikahamishiwa kwenye vichupa vidogo vyenye mifuniko ya rangi. Sasa asali ya Tabora haihamishwi ovyo. Tone moja likidondoka, habari zinafika mbali. Asubuhi tulikuta sisimizi wamejipanga wao, mstari mmoja ulionyooka kutoka kizingiti cha mlango hadi kabatini, wanaokwenda upande wao na wanaorudi upande wao, nidhamu ambayo nyumba hii haijawahi kuiona tangu ijengwe. Mama watoto hakusema neno. Alivikusanya vile vichupa, akavikamua vyote kurudi kwenye dumu, akalisukuma dumu chini ya meza kwa mguu.

Na maembe? Maembe nayo utayapanga vipi? Huu ni mji wa miembe, kila mgeni anauona kabla hata hajashusha begi. Wazee husimulia kwamba miembe ya kale iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, wapagazi na watumwa, waliokuwa wakila huku wakitembea. Yaani kivuli tunachojivunia leo kilipandwa na watu waliokuwa wanatupa takataka, bila malengo ya mwaka, bila kikaratasi. Sasa Januari mwembe wa uani unaangusha usiku kucha. Unaokota ndoo unampelekea jirani. Jirani ni mtu wa heshima, hawezi kurudisha ndoo tupu, kwa hiyo anakujazia maembe yake. Wewe nawe ni mtu wa heshima. Nina hakika kuna embe moja mtaani kwetu limeshatembelea nyumba zote na limerudi kwangu likiwa limechoka. Binti yangu alitaka kuyapanga kwa ukubwa. Nikamwacha. Inzi walikuja wakayapanga kwa utamu.

Kisha ikaja zamu yangu. Nilinunuliwa kaunta buku ya kwaya mbili, jalada jekundu, nikaambiwa niandike malengo. Nikakaa sebuleni jioni, mvua ndiyo kwanza imekatika, udongo unanuka vizuri, nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MALENGO YA MWAKA. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Hapo ndipo kumbikumbi wa kwanza alipogonga taa.

Mtu wa huku anajua kwamba kumbikumbi wa kwanza haji peke yake. Kufumba na kufumbua sebule yote inapepea. Wengine waliingia kwenye shati, wengine kwenye chai, mmoja akatua juu ya neno MALENGO, akajinyonganyonga hadi mabawa yote manne yakabaki pale, yeye akaendelea na safari kwa miguu. Alionekana anajua anakokwenda kuliko mimi. Na hapa ndipo nilipoona mpango wa kweli, ule usiohitaji daftari. Bila kuambizana, mtoto mmoja alizima taa ya ndani, mwingine akawasha ya nje, wa tatu akaja na beseni la maji akaliweka chini ya taa. Mama watoto alikuwa ameshabandika kikaango. Chumvi aliipata gizani bila kusoma kikaratasi. Tulikula kumbikumbi hadi saa nne usiku, na ukurasa wangu wa malengo una mabawa tu hadi leo.

Nikalala nikiwaza. Nikagundua kwamba kosa si la daftari wala la binti yangu. Kosa ni la mwezi.

Waulize waliotutangulia. Kama kuna watu duniani waliojua kujipanga ni Wanyamwezi wa enzi za misafara. Mtu alikuwa anabeba mzigo wa karibu kilo 30 begani, kutoka hapa hadi Bagamoyo, kwa miguu, na kurudi. Safari ya namna hiyo huikurupukii. Kulikuwa na kirangozi anayetangulia, kulikuwa na wanyampara, kulikuwa na hesabu ya posho, ya vitambaa na ya shanga za kulipia njiani. Lakini wengi wao waliondoka lini? Kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Mvua zikikaribia walitaka wawe wamesharudi kwao kulima. Januari Mnyamwezi alikuwa shambani na jembe, amechafuka hadi magotini, na angekushangaa sana ungemwendea na kaunta buku kumwuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Anajiona mwisho wa tuta hili hapa, ndugu, nipishe.

Wageni ndio waliokuja na haraka ya Januari, na yaliyowapata yameandikwa kwa mikono yao wenyewe. Burton na Speke, Waingereza wale waliokuwa wanatafuta maziwa, walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, kiangazi, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 7. Vizuri. Wakakaribishwa vizuri na Waarabu, wakapumzika. Wangebaki wakala maembe. Lakini wapi, Desemba wakaondoka kwenda magharibi, mvua zimeshaanza. Januari 1858 homa ilimkamata Burton njiani, miguu ikafa ganzi, ikabidi abebwe. Speke macho yakaharibika. Walipolifikia Ziwa Tanganyika mwezi Februari, Speke hakuweza hata kuliona sawasawa. Fikiria mwenyewe: mtu katembea kutoka Bahari ya Hindi kwenda kuona ziwa, kafika, haoni.

Sasa mtazame mtu yuleyule akiondoka kiangazi. Walirudi Kazeh katikati ya 1858. Julai Speke akasema anakwenda kaskazini, kuna ziwa jingine linasemwa. Burton alibaki. Alibaki kufanya nini? Kupanga karatasi zake! Kuandika orodha za maneno, kuweka kumbukumbu sawa, kila kitu mahali pake. Agosti 3 Speke akasimama mbele ya Nyanza, akaliita Victoria, akageuka na habari iliyomfanya awe gumzo Uingereza. Yule mpanga karatasi alipata vitabu, hatukatai, juzuu mbili zilizochapishwa 1860. Ila ziwa alilikosa. Nimemsimulia binti yangu kisa hiki mara nyingi wiki hii, yeye anasema huo si mfano mzuri. Mimi naona hakuna mfano mzuri kuupita.

Na yule mzee wa Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapa? Livingstone alikuwa mwandishi wa shajara asiyechoka. Huko Manyema mwaka 1871 karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea. Bila kaunta buku. Stanley alipomwacha Kwihara Machi 1872 aliahidi kumletea wapagazi kutoka pwani, naye mzee akakaa kwenye tembe akingoja hadi Agosti. Agosti wakafika, akaondoka kiangazi, safi kabisa. Tatizo hakusimama. Januari 1873 ilimkuta kwenye matope ya Bangweulu, Zambia ya leo, amelowa, anaumwa, haelewi hata yuko upande gani wa ziwa. Mei akafariki. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake wakapita nao hapahapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Walianza safari hiyo, tafadhali, mvua zikiwa zimekwisha.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, itazame serikali yenyewe. Inatutakia heri ya mwaka mpya usiku wa Desemba 31, lakini pesa zake inaanza kuzihesabu Julai 1. Bajeti inasomwa Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai, wao hawana wazimu wa kupanga matumizi wakati barabara imekatika. Makunduchi, kule Unguja, Mwaka Kogwa ni Julai: watu wazima wanachapana kwa migomba, kinyongo chote cha mwaka kinatoka, kisha wanakula pamoja. Huko ndiko kujipanga. Nina ndugu wawili ningefurahi sana kufungua nao mwaka kwa mgomba. Wahabeshi nao mwaka wao unaingia Septemba, mvua zao kubwa zikishakoma. Hata Warumi, ambao ndio waliotubebesha Januari hii, zamani walianzia Machi. Sisi tu ndio tumeng'ang'ania mwezi ambao nguo hazikauki.

Mkulima wa tumbaku huku hahitaji somo hilo. Januari jani liko shambani, na deni la mbolea liko kwenye vitabu vya chama cha msingi. Malengo yake yatasomeka soko likifunguliwa na kilo zikipanda kwenye mizani. Mwambie Januari aandike bajeti ya mwaka, atakuandikia aya moja: tutaona.

Kwa hiyo Jumapili baada ya chakula nilikohoa, nikatangaza. Nyumba hii, kuanzia sasa, itaanza mwaka Julai. Kabati litapangwa Julai. Vyeti vya kuzaliwa vitatafutwa Julai, kwenye lile sanduku la bati ambalo funguo yake nayo itatafutwa Julai. Fundi bati ataitwa Julai, kwa sababu kuziba tundu wakati mvua inapita humo ni kumtesa fundi bure. Malengo, Julai.

Binti yangu alinitazama kwa huruma. Mama watoto alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

“Baba nanihii, Julai ndipo kadi za harusi zinapoanza. Mwaka jana Julai ulilala na viatu kwa kuwaogopa wajumbe wa kamati.”

“Basi Agosti, baada ya Nane Nane.”

“Na mtoto aende shule Agosti?”

Hapo alinipata. Kijana wetu wa mwisho amechaguliwa kidato cha kwanza, bweni, na fomu ya kujiunga ilikuwa juu ya meza tangu wiki iliyopita chini ya maembe. Nikaifuta utomvu, nikaisoma. Godoro. Shuka mbili. Ndoo yenye mfuniko. Rimu ya karatasi. Fagio la chelewa. Jembe na mpini wake. Fyekeo. Nimeisoma mara mbili kuona kama kuna mahali wametaja kitabu. Mwanangu anakwenda kusoma, lakini ukimwona na mizigo yake utadhani anakwenda kufungua msitu.

Nikaenda sokoni. Mvua ikanikuta kabla sijapita hospitali. Kwenye duka la vifaa kulikuwa na wazazi wamejaa mlangoni, kila mmoja ameshika fomu iliyolowa, wote wanataka fyekeo. Nikauliza bei. Nikauliza tena, nikidhani mvua juu ya bati ndiyo imenisikilizisha vibaya.

“Shikamoo mzee,” kijana wa duka akanijibu kwa adabu zote. “Hiyo ndiyo bei ya Januari. Ungekuja Novemba ningekupa kwa nusu. Wazazi mnasubiri mpaka dakika ya mwisho.”

Nilimweleza habari ya Burton. Akasikiliza, lazima nimsifu, akasikiliza hadi pale Speke alipolikosa ziwa kwa macho mabovu. Kisha akaniuliza kama nachukua na jembe.

Nimechukua na jembe. Nikatoka na jembe begani, fyekeo mkononi, godoro limekunjwa kichwani ndani ya nailoni, nikapungia bodaboda. Wa kwanza alipunguza mwendo, akaniangalia, akaongeza. Wa pili alisimama mbali kidogo akapaza sauti: “Mzee, mwangaluka! Hilo fyekeo ni la nani?” Nikamwambia ni la kidato cha kwanza. Akasema kwa fyekeo, jembe na godoro ni nauli ya watu watatu, na yule wa godoro akae nyuma.